Wasifu wa Michael Faraday: Mwana wa Mhunzi, Saa Janja na Betri ya Moyo

Mtahiniwa, jina la Michael Faraday umelikuta katika mada ya sumakuumeme, na bila shaka kanuni yake umeshaikariri. Wasifu huu unakusudia kukupa zaidi ya kanuni. Siku hizi si ajabu kumkuta bibi au mjomba aliyepandikizwa kifuani kifaa ambacho watu hukiita betri ya moyo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hupandikiza vifaa hivyo. Si ajabu pia mjukuu kumnunulia mgonjwa huyo saa janja, imhesabie hatua na mapigo. Je, vitu hivyo viwili vinaweza kukaa salama katika mwili mmoja? Jibu fupi ni ndiyo, ila kwa masharti. Ukiyachunguza masharti hayo utaona kwamba karibu yote yanaelezwa na mambo aliyoyagundua mtu mmoja katika maabara iliyokuwa chini ya jengo moja mjini London, karibu miaka 200 iliyopita. Fuata maisha yake, na masharti utayaelewa njiani.

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 huko Newington, kusini mwa mto Thames. Baba yake, James, alikuwa mhunzi mwenye afya mbovu, na siku alizoshindwa kwenda kiwandani nyumba ililala njaa. Husimuliwa kwamba mwaka 1801, chakula kilipopanda bei, Michael alipewa mkate mmoja wa kumtosha wiki nzima. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Mkumbuke hapo utakapofika kwenye Maxwell, kwa sababu upungufu huo wa hisabati ulimfuata hadi uzeeni na, kwa namna ya ajabu, ulimsaidia.

Akiwa na umri wa miaka 13 alianza kutumwatumwa na George Riebau, muuza vitabu mwenye asili ya Kifaransa. Mwaka uliofuata, yaani 1805, aliingizwa rasmi kujifunza kujalidi vitabu kwa miaka 7. Wenzake walishona kurasa na kuzibandika majalada. Yeye alizishona na kuzisoma. Makala ya umeme katika ensaiklopidia iliyoletwa kujalidiwa ilimvutia, na kitabu cha kemia cha Jane Marcet, mwanamke aliyewaandikia wasomaji wa kawaida, kilimfungulia mlango wa sayansi. Riebau hakumzuia. Alimruhusu hata kufanya majaribio madogo nyuma ya duka.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka, William Dance, alimpa tikiti za kusikiliza mihadhara minne ya Humphry Davy, mwanakemia aliyekuwa maarufu kuliko wote Uingereza, katika taasisi iitwayo Royal Institution. Faraday aliandika kila alichosikia, akachora vyombo vyote, kisha akafanya alichokijua vizuri zaidi: akavijalidi vidokezo hivyo kuwa kitabu, akampelekea Davy mwenyewe pamoja na barua ya kuomba kazi. Mwanzoni aliambiwa nafasi hakuna. Baadaye Davy alijeruhiwa macho na mlipuko wa kemikali akahitaji mtu wa kumwandikia, kisha msaidizi wa maabara akafukuzwa kwa ugomvi, na tarehe 1 Machi 1813 kijana wa miaka 21 akapata nafasi. Mshahara ulikuwa shilingi 25 za Kiingereza kwa wiki, pamoja na vyumba viwili darini.

Katika Oktoba ya mwaka huohuo Davy alimchukua katika safari ya Ulaya iliyodumu hadi Aprili 1815. Huko alionana na Ampère mjini Paris na Volta mjini Milan, watu ambao majina yao wewe unayaandika kila siku kama ampea na volti. Lakini mke wa Davy alimfanya mtumishi, akamlisha na watumishi wengine, naye mara kadhaa alitaka kuacha sayansi arudi nyumbani. Alivumilia.

Sasa tufike kwenye sumaku. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark aligundua kwamba waya wenye mkondo wa umeme husukuma sindano ya dira. Mwaka uliofuata, miezi michache baada ya kumwoa Sarah Barnard, Faraday alitengeneza chombo chenye zebaki ambamo waya wenye mkondo ulizunguka sumaku bila kukoma. Huo ndio mwanzo wa mota. Aliharakisha kuchapisha, wapo waliomshutumu kuwa ameiba wazo la mwanasayansi mwingine, William Wollaston, na Davy mwenyewe alipinga asichaguliwe katika Chama cha Kifalme cha Sayansi. Hata hivyo alichaguliwa mwaka 1824, kukiwa na kura moja tu ya kumpinga.

Tarehe ya kushika kuliko zote ni 29 Agosti 1831. Siku hiyo Faraday alichukua pete nene ya chuma laini yenye kipenyo cha nje cha inchi 6, yaani takriban sentimeta 15. Upande mmoja alizungushia waya uliotenganishwa na chuma kwa kitambaa na uzi, akauunganisha na betri. Upande wa pili alizungushia waya mwingine usiogusana kabisa na ule wa kwanza, akaupitisha karibu na sindano ya sumaku. Alipounganisha betri, sindano ilishtuka, ikayumba, kisha ikatulia palepale ilipokuwa. Alipokata betri, ikashtuka tena kuelekea upande mwingine. Katikati, mkondo ulipokuwa ukipita kwa utulivu, hakuna kilichotokea.

Watahiniwa wengi hupoteza alama hapa. Huandika kwamba sumaku huzalisha umeme. Sumaku iliyotulia karibu na waya uliotulia haizalishi chochote. Kinachoibua umeme katika waya wa pili ni mabadiliko ya uga wa sumaku. Tarehe 17 Oktoba Faraday alilithibitisha hilo kwa kuingiza na kutoa sumaku ndani ya koili tupu, na siku chache baadaye akazungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku kubwa, akapata mkondo usiokatika: jenereta ya kwanza. Joseph Henry wa Marekani alifikia ugunduzi huo karibu wakati uleule, lakini Faraday ndiye aliyetangulia kuuchapisha.

Igeuze sasa saa janja uione mgongo. Haina tundu la waya wa chaji, au ikiwa nalo ni la nadra. Ndani ya chaja kuna koili, ndani ya saa kuna koili nyingine, hazigusani. Mkondo katika koili ya chaja hubadilika zaidi ya mara laki moja kwa sekunde, uga wake hubadilika nao, na umeme huibuka ndani ya saa. Ni pete ya 1831 iliyokatwa vipande viwili. Ili koili hizo zikutane sawasawa, watengenezaji huweka sumaku ndogo zinazoishika saa kwenye chaja, na baadhi ya mikanda nayo hufungwa kwa sumaku. Zikumbuke sumaku hizo.

Na betri ya moyo? Ya kwanza kupandikizwa mwilini mwote iliwekwa tarehe 8 Oktoba 1958 nchini Sweden, katika hospitali ya Karolinska, na daktari Åke Senning. Mhandisi aliyeiunda alikuwa Rune Elmqvist na mgonjwa aliitwa Arne Larsson. Kifaa kile kilichajiwa kwa koili iliyowekwa juu ya ngozi, umeme ukivuka nyama bila waya, kwa kanuni hiyohiyo ya Faraday. Kiliharibika baada ya saa chache, kikabadilishwa. Larsson alitumia vifaa zaidi ya 20 maishani, akafa mwaka 2001 akiwa na miaka 86, baada ya kumzika daktari wake na mhandisi wake. Vifaa vya leo havichajiwi tena. Hutumia betri ya lithiamu inayodumu miaka mingi.

Turudi kwa Faraday. Kati ya 1833 na 1834 alichunguza jinsi mkondo unavyopita katika vimiminika vyenye chumvi, akatoa kanuni mbili za elektrolisisi, na kwa msaada wa msomi William Whewell akaleta maneno elektrodi, anodi, kathodi na ioni. Mwili wa binadamu nao, chini ya ngozi, ni maji yenye ioni, hivyo hupitisha umeme. Moyo hupigwa kwa ishara za umeme zipitazo humo, na betri ya moyo ina nyaya zilizofika ndani ya moyo ili kuzisikiliza ishara hizo na kuzijibu.

Hapo kuna sharti ambalo wauza saa wengi hawalitaji. Taa ya kijani inayomulika chini ya saa huhesabu damu inavyopita kwa kutumia mwanga tu, nao mwanga hauisumbui betri ya moyo. Lakini baadhi ya saa zina kipimo cha mafuta na maji ya mwili: unagusa vitufe kwa vidole, na saa hupitisha mkondo mdogo mwilini. Mvaaji hausikii. Kifaa kilicho kifuani kinaweza kuusikia. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walieleza kwamba mikondo ya aina hiyo inaweza, katika hali fulani, kukichanganya kifaa kikadhani moyo unapiga wakati haupigi, au kikashtua bila sababu. Majaribio yao yalifanywa kwa kompyuta na vifaa vya maabara, si kwa wagonjwa, na hawakusema kwamba watu wako hatarini papo hapo. Hata hivyo maelekezo ya saa zenye kipimo hicho huwaonya wenye betri ya moyo wasikitumie, nami naona hakuna sababu ya kubishana nayo. Kama bibi ana saa kama hiyo, kipimo hicho kisiguswe, mengine ayatumie.

Mwanzoni mwa 1836 Faraday alijenga chumba cha mbao chenye upande wa futi 12, akakifunika kwa waya na karatasi za madini, akaingia ndani na vipimo vyake vyepesi. Nje, mashine ilikijaza chumba chaji hadi cheche zikaruka kutoka kutani. Ndani, vipimo havikutikisika. Chaji hukaa juu ya uso wa nje wa kipitishi. Aliye ndani yuko salama. Mpaka leo kizimba cha aina hiyo huitwa kwa jina lake.

Kopo la titani linalobeba saketi za betri ya moyo hufanya kazi kama kizimba hicho, na ndiyo sababu simu ya mkononi au taa ya umeme nyumbani haivurugi ovyo saketi zilizomo. Udhaifu wa kwanza ni zile nyaya zinazotoka nje ya kopo kwenda moyoni, ambazo zinaweza kunasa umeme kama antena. Watengenezaji huweka vichujio pale zinapoingilia. Udhaifu wa pili ni mkubwa zaidi kwa habari yetu. Kizimba huzuia umeme, lakini uga wa sumaku iliyotulia hauzuii. Unapenya titani kama vile hakuna kitu.

Jambo hilo lilimwelemea Faraday kwa miaka mingi, si titani bali uga wenyewe. Wanahisabati wa wakati wake waliona kani kama kitu kinachoruka kutoka sumaku hadi chuma, katikati pakiwa patupu. Yeye hakuwa na hisabati ya kuwafuata. Alinyunyiza unga wa chuma juu ya karatasi, akaona mistari, akaamini kwamba mistari hiyo ipo kweli: kwamba nafasi inayoizunguka sumaku si tupu hata kidogo, bali imejaa uga, mnene karibu na ncha na mwembamba kadiri unavyokwenda mbali. Wengi walimcheka kimyakimya. Aliwekewa msingi wa hisabati na James Clerk Maxwell, kijana aliyezaliwa mwaka uleule wa pete ya chuma, 1831. Huenda Faraday angejua aljebra vizuri angeandika milinganyo ya wenzake na asingeiona ile mistari.

Basi chora mistari hiyo kuzunguka saa janja, na kifuani chora betri ya moyo. Ndani ya betri kuna swichi inayoitikia sumaku. Iliwekwa kwa makusudi, ili daktari akiweka sumaku juu ya kifua aweze kubadili kazi ya kifaa bila kupasua. Katika kifaa cha kawaida cha kuendesha mapigo, sumaku mara nyingi hukifanya kiache kuusikiliza moyo, kipige kwa mwendo mmoja tu. Katika kile cha aina ya pili, kinachoushtua moyo unapopiga kasi ya kuua, sumaku mara nyingi huzuia mshtuko kwa muda wote inapokaa pale. Mgonjwa hasikii maumivu. Anaweza asijue lolote, na laiti moyo ungekwenda mrama katika dakika hizo, mlinzi wake angekuwa amelala. Sumaku ikiondolewa, kwa kawaida kifaa hurudia kazi yake.

Swali ni la umbali. Viwango vya kimataifa vinataka vifaa hivi visibabaike katika uga usiozidi militesla 1. Sumaku za saa na chaja zinaweza kuvuka kiwango hicho zikigusana na kifua, lakini uga wa sumaku ndogo hupungua upesi sana: umbali ukiongezeka mara 2, nguvu hubaki takriban sehemu moja ya 8, ukiongezeka mara 3, sehemu moja ya 27. Ndiyo maana mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, mwaka 2021, iliwashauri wenye vifaa hivi kuweka simu na saa janja angalau inchi 6 kutoka kwenye kifaa. Ni sentimeta 15, sawa na kipenyo cha ile pete ya Faraday. Ni bahati tu vipimo hivyo kulingana, lakini ukitaka kukumbuka, kumbuka hivyo. Wakati saa au simu inachajiwa bila waya, wapo watengenezaji wanaotaka umbali uzidi sentimeta 30.

Kwa matumizi ya nyumbani mambo yanakuwa hivi. Saa ikiwa mkononi, mkono ukiwa umeshuka au unafanya kazi, umbali unatosha. Betri ya moyo mara nyingi huwekwa chini ya mfupa wa bega la kushoto, kwa hiyo mkono wa kulia ni bora kwa saa. Tatizo huja usiku: mtu hulala kiganja kikiwa kifuani, au huvua saa akaitia katika mfuko wa shati, au huacha chaja kando ya mto. Saa ivuliwe kabla ya kulala, ichajiwe mezani. Mkanda wa sumaku ubadilishwe kwa wa kawaida. Mgonjwa akihisi kizunguzungu au moyo kwenda mbio saa ikiwa karibu na kifua, aiweke mbali kwanza, kisha awasiliane na kliniki yake. Na kabla ya kununua, aulize huko kliniki, kwa kuwa kila kifaa kina maelekezo yake na mgonjwa hupewa kadi yenye jina na namba ya kifaa chake. Saa ikimwambia kwamba mapigo ni mazuri, hilo halifuti tarehe yake ya kwenda kupimwa.

Faraday mwenyewe aliugua. Mwishoni mwa miaka ya 1830 alianza kupatwa na kizunguzungu na kusahau, ikambidi apumzike kwa muda mrefu. Kumbukumbu ilimtoroka pole pole hadi mwisho, naye alipambana nayo kwa daftari: aliandika kila jaribio, akazipa aya namba, zikapita 16,000. Mwaka 1845 alirudi kwa kishindo, akaonyesha kwamba sumaku inaweza kugeuza mwelekeo wa mwanga unaopita ndani ya kioo. Kwa miaka mingi alishauri kuhusu minara ya kuongozea meli, na alitoa mihadhara ya Krismasi kwa watoto, misimu 19 kwa jumla, ya mwisho ikiwa ya 1860. Alikataa cheo cha heshima cha kuitwa Sir, akakataa pia kuwa rais wa Chama cha Kifalme cha Sayansi. Hakujaliwa mtoto.

Mwaka 1858 Malkia Victoria alimpa nyumba ya kuishi huko Hampton Court, na humo ndimo alimofia tarehe 25 Agosti 1867, akiwa ameketi kitini. Alizikwa katika makaburi ya Highgate, London. Jina lake lilipewa kipimo cha uwezo wa kapasita kuhifadhi chaji, faradi. Kile kifaa cha kuushtua moyo, kabla ya kutoa mshtuko wake, huijaza kwanza kapasita iliyo ndani yake, na ukubwa wa kapasita hiyo hupimwa kwa sehemu ndogo za faradi.